Emil Koval, Aliyekuwa Sikio la Dunmire

Zamani king'ora cha zimamoto kikilia Dunmire, mji wetu wa makaa, kila jiko lilijua nyumba inayoungua ni ya nani kabla gari halijatoka bandani. Siku hizi jirani yako anaweza kuteketea na wewe ukapata habari kesho yake, kwa harufu.

Kila nyumba ilikuwa na skana. Ilikaa juu ya friji au kando ya kibaniko cha mkate, kisanduku cheusi chenye taa nyekundu zinazokimbizana, ikinasa sauti za zimamoto na magari ya wagonjwa na kunong'ona mchana kutwa huku mama wa nyumba akimenya viazi. Hakuna aliyeisikiliza, na kila mtu aliisikia. Bibi Petrik alipoanguka ngazini, gari la wagonjwa lilichukua dakika ishirini kupanda mlima. Lilipofika lilimkuta kafunikwa blanketi, jiko lake limezimwa, mbwa wake kapelekwa nyumba ya pili, na mwanamke mmoja kakaa sakafuni kamshika mkono. Hakuna aliyewaita watu wale. Walisikia anwani, wakavaa makoti.

Na ilikuwapo sheria ambayo haikuandikwa popote. Ukisikia, unakwenda na kitu mkononi, huulizi, na ukirudi husimulii. Mume wa mtu akiokotwa mtaroni amelewa, asubuhi mkewe aliletewa sufuria ya kabichi na tambi, akaambiwa mawili matatu juu ya theluji, basi. Leo kila mtu ana simu ya kupiga picha mfukoni. Anapiga picha moshi, anautuma kwa watu asiowajua, kisha anakwenda kula.

Emil Koval alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisa la Waslovaki, mtoto wa mchimba makaa, akaingia mgodini na miaka kumi na minane kama sisi wote. Shule aliiacha katikati. Wakati wa ule mgomo mrefu, sisi tulicheza karata na kuitukana kampuni. Yeye aliazima kitabu maktaba, akajifundisha umeme na mawimbi, akafanya mtihani wa serikali na kupata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani na wenzao duniani kote bila malipo, kwa kupenda tu. Akasimika mlingoti nyuma ya nyumba. Akawa anazungumza na daktari wa Peru na nahodha wa Norwe. Mkewe, Dolores, alikuwa akisema mume wake ana marafiki katika nchi arobaini na hakuna hata mmoja anayeweza kuja kumfyekea nyasi.

Mgodi ulipofungwa alipata kazi ya kutunza jengo la shule, akaifanya mpaka akastaafu. Hiyo ilikuwa kazi yake ya mshahara. Kazi yake ya kweli ilikuwa kusikia. Sisi wengine tulisikia kwa bahati, tukiwa jikoni. Emil alisikia kwa makusudi. Moto ukiwa mkubwa, aliwapigia simu akina mama wa jiko la zimamoto, na baada ya robo saa birika kubwa la kahawa lilikuwa nyuma ya gari lake la dizeli, pamoja na mikate ya nyama na soksi kavu. Aliegesha chini kidogo ya mahali mipira ya maji ilipopita, asimzuie mtu. Wanaume walitoka ndani ya moshi wakiwa weusi kama zamani tulivyotoka shimoni, wakakuta kahawa. Zimamoto wetu ni wa kujitolea. Hakuna aliyewahi kuwalipa zaidi ya kahawa ile.

Mkuu wao, Wendell Pruitt, alichimba makaa pamoja na Emil miaka kumi na minne. Alimwita Masikio. Alikuwa akisema siku Emil akifa watahitaji makaburi mawili, moja la mwili, moja la masikio. Emil alimjibu kwamba kwa Wendell litahitajika moja tu lakini la kuchimbwa kwa greda, kwa sababu ya tumbo.

Kisha kaunti ikahamia dijitali. Asubuhi moja, bila kuuliza mtu, walibadilisha mitambo, na skana zote za Dunmire zikanyamaza. Zilizoweza kusikia dijitali ziliuzwa bei ya friji jipya. Wazee walizizima zile za zamani, wakaziacha palepale zilipokaa, kama picha za marehemu.

Emil hakukubali. Alinunua simu ya upepo ya mkononi, ya dijitali, iliyotengenezwa China kwa ajili ya watu wa redio ya ridhaa. Ilikuwa na ukubwa wa kiganja na antena fupi. Alikuwa amesoma kwamba lugha ya redio ile na lugha ya mitambo mipya ya kaunti ni moja. Wiki tatu alikaa mezani na waya umeunganishwa kwenye kompyuta ya bintiye, akiingiza namba za chaneli, akikosea, akifuta. Dolores aliweka sahani kando yake na kuja kuziondoa zikiwa hazijaguswa. Siku ya ishirini na mbili kifaa kile kilikohoa, kikatoa sauti ya mwanamke wa kituo cha kaunti akituma gari la wagonjwa kwenye barabara ya kinu. Dolores alinisimulia kwamba Emil aliweka kichwa mezani, na yeye akamwacha peke yake jikoni.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Skana ina masikio tu. Redio ile ilikuwa na mdomo pia. Mwenye leseni kama yake aliruhusiwa kusikiliza mawimbi ya zimamoto, ila kusema humo ni kosa la jinai, na zaidi ya kosa: chaneli ya moto ni moja, na mmoja akiishika hakuna mwingine anayesikika. Wendell alikuja mwenyewe, akala pai ya Dolores, kisha akasema bila mzaha kwamba hana neno na masikio ya Emil, lakini mdomo uzibwe. Emil alimwonyesha kwenye kompyuta. Kila chaneli ya kaunti alikuwa ameiwekea alama ya kupokea tu. Ukibonyeza kitufe cha kusemea, redio inalia kwa kukataa na hakuna kinachotoka. Wendell alibonyeza mwenyewe zote kumi na sita. Akaridhika, akaomba kipande kingine cha pai.

Tangu siku ile Emil alikuwa sikio pekee tulilobakiwa nalo. Redio ilikaa kiunoni kwake upande wa kulia tangu anapoamka. Yeye aliwapigia watu wawili, nao wawili wawili, na mtaa mzima ukajua kama zamani. Miaka miwili tuliishi hivyo. Nilidhani tumewashinda watu wa kaunti.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa tatu kaunti ilihamisha chaneli ya moto. Habari hiyo ilimkuta Emil hospitali ya mjini, ambako Dolores alikuwa amewekewa nyonga ya bandia. Kompyuta iko nyumbani, naye hakutaka Dunmire ikae kiziwi hata siku moja. Alifanya kile ambacho watu wa redio wote hufanya wakiwa mbali na kompyuta: akachukua chaneli moja iliyokuwa tayari ndani ya redio, akainakili, akabadilisha namba kwa vidole, palepale kwenye kiti cha wageni. Chaneli aliyoinakili ilikuwa ya chama chao cha redio ya ridhaa. Chaneli ya chama ni ya kuzungumzia. Ukiinakili, ruhusa ya kusema inakuja nayo. Emil alilijua hilo. Alijiambia ataifunga akifika nyumbani. Alifika nyumbani na mke asiyeweza kupanda ngazi, na akasahau.

Jumamosi ya pili ya Februari, saa nne asubuhi, nyumba ya akina Sabol kwenye mtaa wa juu ilishika moto. Wenyewe walikuwa wametoka, ila hakuna aliyekuwa na uhakika, kwa hiyo watu waliingia kutafuta. Aliyetangulia alikuwa Dwight Pruitt, mdogo wake Wendell. Loretta Bice, dereva wa basi la shule, alikuwa kwenye gari la maji akiendesha pampu. Emil alikuja na kahawa, akaegesha chini kama kawaida, akaacha injini inanguruma kwa sababu ya baridi. Hakufungua mkanda. Aligeuka nusu kutazama moshi kupitia kioo cha nyuma, na redio ikabanwa kati ya nyonga yake na kifungio cha mkanda. Ilinyamaza. Yeye alidhani watu wako kimya kwa sababu wanafanya kazi.

Alipogeuka tena aliona taa nyekundu ndogo juu ya redio. Taa ile huwaka redio inaposema. Aliivuta kutoka kwenye mkanda, na taa ilipozima tu, sauti ya Dwight ikatoka.

"Niko chini. Sakafu imekwenda. Kuna mtu ananisikia? Kuna mtu?"

Walimtoa hai. Boriti ilikuwa imeanguka juu ya mguu, na hewa ya mtungi wa mgongoni ilikuwa inaishia. Madaktari waliukata mguu chini ya goti na kusema kwamba kama wangemtoa mapema kidogo labda wangeuokoa, labda wasingeuokoa. Madaktari hupenda neno labda.

Wiki iliyofuata kaunti ilileta kanda ya sauti kwenye ukumbi wa zimamoto. Kwa sekunde hamsini na mbili, wakati Dwight anabonyeza na kukataliwa, chaneli ilishikwa na mtu asiyesema. Kilichosikika ni injini ya dizeli tu. Injini ya dizeli iliyokuwa karibu na redio ya zimamoto ilikuwa moja, ile ya gari la maji, na aliyekuwa kando yake alikuwa Loretta. Kukalia kitufe ni kosa la kawaida. Limewahi kumpata kila mmoja wao. Hakuna aliyemfokea. Walimuuliza, naye akasema hakumbuki kukibonyeza, lakini pia hakumbuki kutokibonyeza. Akavua viatu vyake vya moto, akavipanga mlangoni pa ukumbi, akaenda nyumbani na soksi juu ya theluji.

Nilikuwa jikoni kwa Emil aliponieleza. Dolores alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha. Emil aliisimulia bila kupandisha sauti, kuanzia hospitali mpaka taa nyekundu, kama mtu anayesoma mita ya maji. Kisha akasema kwamba akienda kusema, kaunti itafunga mawimbi kwa ufunguo wa siri, kama ilivyotaka kufanya tangu zamani, na hakuna redio ya raia itakayoyasikia tena. Nyinyi wote mtakuwa viziwi, alisema, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewaziba.

Mimi nilimwambia anyamaze. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Dwight yuko hai," nilisema. "Mguu haurudi ukisema."

"Na Loretta?"

"Loretta bado kijana. Atasahau."

Dolores aligeuza kiti. "Loretta ana miaka arobaini na minane," alisema, "na viatu vyake bado viko pale mlangoni. Watu wanaviruka wakiingia kucheza bingo."

Nikasema watu mia tatu watapoteza kitu ambacho hawatakipata tena, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hata hajafukuzwa. Nikamtajia Bibi Petrik. Nikataja kila jina nililoweza. Emil alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa, akasema:

"Ukiwa sikio, unasikia na hili."

Mkutano wa mwezi ulikuwa Jumatatu ya kwanza ya Machi. Ukumbi ulinuka mafuta ya samaki wa Kwaresima. Loretta alikuwa ameombwa aje, akakaa nyuma kabisa na koti lake. Emil alisimama kabla ya ajenda, akatembea mpaka meza ya mbele, akaiweka redio mbele ya Wendell na kuieleza chaneli aliyoinakili. Nilimtazama Wendell. Alikuwa ameshika kalamu, hakuiweka chini.

"Sekunde hamsini na mbili," Wendell alisema.

"Kwa kanda yao."

"Ulijua lini?"

"Nilipoiachia na kumsikia Dwight."

"Wiki tatu, Emil."

"Wiki tatu."

Wendell aliisukuma redio kando. Hakumwita Masikio, wala sikumsikia akimwita hivyo tena. Aliinua kichwa, akapaza sauti kuelekea nyuma ya ukumbi.

"Loretta, nenda kachukue viatu vyako."

Loretta hakwenda kwenye viatu. Alikuja mbele na koti lake mkononi, akasimama karibu na Emil kiasi cha kumgusa.

"Mzee," alisema, "wiki tatu nimewapeleka watoto shuleni nikiitazama mikono yangu kwenye usukani."

Emil akasema anajua. Loretta akasema hajui. Kisha akaenda akavichukua viatu, akatoka, na Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye pampu.

Wendell aliandika barua kwa kaunti, kwa sababu hakuwa mtu wa kutoandika. Waliokuja ni wanaume wawili wenye tai, wenye adabu sana. Emil aliirudisha leseni yake kabla haijaombwa, akaushusha mlingoti kwa mikono yake, na yule daktari wa Peru sijui aliambiwa nini. Mwezi wa tisa mawimbi yote ya kaunti yalifungwa. Tangazo lilitoka gazetini, limeandikwa vizuri: tukio la Dunmire limeonyesha hatari ya vifaa vya raia. Nilikuwa na nakala ya bajeti yao. Fedha za kufunga zilikuwa zimetengwa mwaka mmoja kabla nyumba ya Sabol haijaungua. Nilikwenda kwenye kikao chao nikalisema hilo, nikapewa dakika tatu na kushukuriwa.

Watu wa Dunmire walimsamehe Emil kosa. Kila mtu amewahi kusahau kitu mkewe akiwa hospitali. Ambacho hawakumsamehe ni kusema. Oktoba ile alifungua mlango asubuhi akakuta skana saba barazani kwake, za zamani, zimefungwa waya zake vizuri kila moja. Usiku mwingine zikaongezeka nne. Hakuna aliyeacha barua. Dolores, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alizibeba moja moja mpaka kwenye pipa, na aliponiona nikipita aliniuliza kama yangu nayo imo humo. Haikuwamo. Lakini aliuliza, na nilistahili kuulizwa.

Dwight alikwenda kwao mara moja, alipozoea mguu wa bandia. Alikaa barazani na Emil karibu saa nzima. Baadaye Dwight aliniambia kwamba alimwambia Emil wazi: angekuwa yeye, angenyamaza mpaka kaburini. Emil akamjibu kwamba ndiyo sababu Mungu alimpa mwingine redio. Wakacheka kidogo, Dwight alisema, kisha wakatazama barabara.

Novemba gari la wagonjwa lilipanda mtaa wa chini na kumchukua Andy Hudak. Tulilisikia likipita. Hatukujua ni nani, na hakuna aliyevaa koti. Tulisoma jina lake gazetini siku ya tano. Nilipokwenda pale, jiko la umeme lilikuwa limewaka siku zote zile chini ya sufuria iliyoungua mpaka ikawa kama mkaa, na ni bahati tu nyumba ilikuwa bado imesimama. Nilimchukia Emil siku ile. Nilitembea mpaka kwenye kona ya kwao nikiwa na maneno tayari. Nikaona taa ya jiko lao inawaka, nikarudi.

Majira ya kuchipua binti yao aliamua kuwachukua wakaishi naye Ohio. Wiki moja kabla hawajaondoka nilikuwa nashuka kutoka dukani na mkate na dawa zangu. Gari la wagonjwa lilikuja kwa kasi likiwa na king'ora, likapanda mlima, na magari yote yakakaa pembeni kama sheria inavyotaka. Lilipopita magari yakaendelea na safari zao. Gari la Emil halikuendelea. Lilibaki pembeni injini ikinguruma, Dolores upande wa abiria na fimbo kati ya magoti. Wote wawili walikuwa wameinamisha vichwa mbele, kuelekea kioo, wakitazama mlimani mahali barabara inapogawanyika: kushoto kwa Bibi Petrik, kulia kwa Loretta. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kupotea nyuma ya miti. Nilipofika usawa wao niliinua mkono wenye mkate. Emil aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani, kama tunavyosalimiana huku, na Dolores akaniuliza kwa midomo tu, kupitia kioo kilichofungwa, kama najua ni nani. Nikatikisa kichwa kwamba sijui. Akamwambia Emil jambo. Emil akawasha taa ya kuonyesha anaingia barabarani, akangoja lori lipite, akashuka taratibu kuelekea mjini.